Kijana, kunakili video si kuchoma DVD

Najua utakachosema ukiona kichwa cha makala haya. DVD? Siku hizi? Si hizo zilikwisha kitambo! Ngoja kidogo, msomaji. Wikendi hii nenda ushago, uingie sebuleni kwa shosho wako, uangalie chini ya televisheni. Kama kwenu ni kama kwetu, utakuta kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu yake mashine ya DVD imelala vizuri, rimoti yake bado imevikwa karatasi ya nailoni ili isiingie vumbi. Hiyo mashine haijakwisha. Sisi vijana ndio tumeacha kuipa chakula inachokula.

Hoja yangu leo ni moja na nitaisema mapema ili usiumize kichwa ukiitafuta. Kijana anayepokea pesa za mtu ili amchomee video kwenye DVD, halafu anaburuta faili na kuidondosha kwenye diski bila kuibadilisha, hajafanya kazi. Amemuuzia mtu kisahani cha plastiki. Haya ni maneno makali, najua. Nina ruhusa ya kuyasema kwa sababu kijana huyo alikuwa mimi.

Baada ya kumaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye saiba moja mtaani, huko Thika. Kazi ilikuwa kuchapa barua, kujazia watu fomu za serikali mtandaoni, kutoa kopi, na kuchoma diski. Mteja analeta simu ama flashi, anasema, "Nitolee hii harusi kwa DVD." Nami naweka diski tupu, naburuta faili, nabonyeza, dakika kumi imetoka. Soo mbili. Naandika jina juu kwa kalamu ya wino mzito, namkabidhi, karibu tena.

Kuna waliorudi wakilalamika. Jibu langu lilikuwa tayari kila mara: "Mashine yenu ndiyo mbovu. Hapa kwa kompyuta inacheza fiti." Na kweli, kwa kompyuta ilikuwa inacheza. Mteja anatazama, anakuna kichwa, anaenda zake. Mimi naona nimeshinda kesi.

Sasa sikia yaliyonipata. Desemba moja tulikusanyika nyumbani Murang'a, ukoo mzima. Guka alikuwa amepita miaka themanini. Akaketi uani kwenye kigoda chake, akaita wajukuu mmoja mmoja kwa jina, akatubariki na kututemea mate kifuani kama mila inavyotaka. Binamu zangu watatu walirekodi kwa simu tatu. Miezi mitano baadaye, guka akatuacha.

Mazishi yalipopita, shosho aliniita. Yeye huniita "mzee wangu", kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la guka. Akaniambia, "Mzee wangu, wewe si unafanya kazi ya kompyuta? Nitolee ile siku guka aliwabariki, niwe nikimwangalia jioni."

Nilijiona mtu wa maana. Nikawaambia binamu wanitumie zile video kwa WhatsApp, nikazichoma kama kawaida yangu, na Jumamosi nikapanda matatu. Kufika, nakuta shosho ameita majirani wawili na chai iko mezani. Diski ikaingia. Mashine ikazunguka, ikakoroma, ikaandika kwenye skrini kwamba diski haijulikani. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Vilevile. Nilijaribu mara nne, jasho linanitoka, majirani wameanza kutazama vikombe vyao.

Shosho ndiye aliyeniokoa. "Wacha tu, mzee wangu," akasema. "Labda mashine imezeeka kama mwenyewe."

Lilikuwa jibu langu lile lile. Ila safari hii lilitoka kwa mtu aliyeamini kabisa kwamba kosa ni lake.

Basi nikarudi Thika nikiwa na swali moja: kama video inacheza kwa simu na kwa kompyuta, kwa nini mashine ya shosho inaikataa? Wacha nikueleze nilichojifunza, kwa lugha ya jikoni.

Katika nyumba nyingi za Kenya kuna mkebe wa Kimbo. Ukiufungua ukitafuta mafuta, unakuta chumvi, ama maharagwe ya mbegu, ama vifungo vya mathe. Faili za video ziko hivyo. MP4, MKV, AVI, MOV na 3GP ni majina ya mikebe. Kilichomo ndani ni kitu kingine: picha iliyokamuliwa kwa mbinu fulani ili ichukue nafasi ndogo, na sauti iliyokamuliwa kwa mbinu yake. Mbinu hizo ndizo mafundi huziita kodeki. Simu nyingi tunazobeba hurekodi picha kwa kodeki iitwayo H.264, na kuna zile mpya zinazotumia H.265 inayokamua hata zaidi. Ndiyo maana ukibadilisha jina la faili tu, utoe .mp4 uandike .vob, hakuna lililobadilika. Umebandika karatasi nyingine juu ya mkebe. Chumvi imebaki chumvi.

Mashine ya DVD nayo ina chakula chake. Diski hizi ziliingia sokoni mara ya kwanza mwaka wa 1996 huko Japan, na kanuni zake ziliandikwa wakati huo, miaka kadhaa kabla ya H.264 kuwepo. Inataka picha iliyokamuliwa kwa MPEG-2. Kwa nchi kama yetu, zilizozoea mfumo wa PAL, picha hiyo iwe na upana wa pikseli 720 na kimo cha 576, na fremu 25 kila sekunde, bila kupungua wala kuzidi. Sauti iwe ya AC-3, PCM ama MP2, kwa kilohezi 48. Kisha vyote vipakiwe kwenye faili za VOB, kila moja isizidi gigabaiti 1, ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, pamoja na faili ndogo za IFO zinazoielekeza mashine ianzie wapi na iende wapi. Diski yangu haikuwa na lolote kati ya hayo. Mashine ya shosho haikuwa mbovu. Niliiletea mkate wa mawe.

"Lakini kuna jirani yetu ambaye diski kama hizo humchezea," utasema. Kweli, na hapo ndipo wengi hupotea. Kuna mashine zilizotengenezwa kusoma zaidi ya DVD ya kawaida, mara nyingi zenye nembo ya DivX usoni. Hizo zinaweza kusoma mkebe wa AVI ikiwa kilichomo ndani ni kile zinachokijua. Kwa hivyo mteja mmoja anafurahi, mwingine analia, nawe unadhani ni bahati. Ukitengeneza DVD kwa kanuni yake, huhitaji bahati.

Na kubadilisha si kazi ya ajabu. Programu ya DVDStyler ni ya bure; unaitupia video zako, unachagua PAL, nayo inazigeuza kuwa MPEG-2, inakutengenezea menyu na kupanga ile folda. Anayependa kuandika amri atumie FFmpeg, ambayo ina mpangilio wa DVD ya PAL tayari ndani yake. Aliye na kompyuta kuukuu ya Windows 7 huenda bado ana Windows DVD Maker, ambayo iliondolewa Windows 8 ilipokuja. Jihadhari tu na kosa hili ambalo nimeona wasee wengi wakilifanya: HandBrake ni programu nzuri sana, lakini haitengenezi DVD. Inatoa MP4 na MKV. Ukiitumia kisha ukachoma matokeo yake, umerudi pale pale kwa mkebe.

Kuna mambo mengine madogo, na hayo madogo ndiyo yanayotofautisha fundi na mburutaji.

La kwanza ni chanzo. Video iliyopita WhatsApp mara nyingi imeshakamuliwa upya na kupoteza sura. Chukua ile ya asili kutoka kwa simu yenyewe, kwa waya. Kubadilisha fomati hakuongezi uzuri. Video ya 3GP kutoka kwa simu ya zamani itabaki na ukungu wake hata uipake MPEG-2 ya aina gani. Mwambie mteja mapema, kabla hajalipa.

La pili ni midomo na sauti. Simu hairekodi kwa mwendo sawa. Gizani hupunguza fremu, kwenye mwanga huongeza. DVD inataka 25 tu. Programu ikifanya kazi hiyo vibaya, pasta anafungua mdomo sasa, neno linakuja baadaye. Tazama mwisho wa video kabla ya kuchoma, kwa sababu mwanzoni huwa sawa na tofauti huzidi polepole.

La tatu ni video za kusimama, zile tunazorekodi simu ikiwa wima. Televisheni imelala. Wacha pembeni pabaki peusi. Ukivuta picha ijaze skrini, bibi harusi anapanuka kama chapati.

La nne ni hesabu. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ingawa kompyuta itakuandikia 4.37 kwa sababu inahesabu kwa njia nyingine. Hapa usiangalie ukubwa wa faili ya mteja. Hesabu dakika. Video ya saa moja unaweza kuipa karibu kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Ya saa mbili inabaki na takriban megabiti 5 kwa sekunde, na bado inapendeza. Ukilazimisha saa nne ndani ya diski moja, unabaki na kama megabiti 2.5, na watu wakianza kucheza ngoma picha inakuwa mabaka matupu. Harusi ya saa nne ni diski mbili. Usione haya kumwambia mwenye harusi hivyo.

La tano ni uchomaji wenyewe. Usiharakishe, mwendo wa 4 ama 8 unatosha. Hakikisha programu imeifunga diski mwishoni, maana diski isiyofungwa mashine nyingi hukataa kuisoma. Na kama diski inakwenda kwa shangazi aliye Marekani, uliza kwanza, kwa sababu huko mfumo wao wa zamani ni NTSC, wa pikseli 720 kwa 480, na mashine nyingi za kwao hukataa PAL.

Sasa nije kwa wale wanaosema haya yote ni kupoteza wakati. "Tia kwa flashi, televisheni za leo zina tundu la USB." Sawa kabisa. Kama ya mteja inalo, flashi huenda ndiyo jibu zuri, nawe uwe mkweli umwambie asinunue diski. Lakini usidhani umetoroka. Kuna televisheni zinazokataa H.265, na flashi iliyopangwa kwa FAT32 haikubali faili moja inayozidi gigabaiti 4. Swali linabaki lile lile: mashine iliyo mwisho wa safari inakula nini?

"Weka YouTube, kila mtu ataona." Nani atamnunulia shosho bando kila jioni? Simu yake ni mulika mwizi. Na si kila familia inataka mazishi ya baba yao yatazamwe na mtu yeyote mwenye intaneti. Kuna vitu vya sebuleni, vibaki sebuleni.

"Diski huharibika." Ni kweli pia. Jua, vumbi na mikwaruzo huiua, na diski za kuchoma hazidumu milele. Kwa hivyo usifute ile video ya asili ukishachoma. Tunza nakala kwenye diski kuu ya nje ama mahali pawili tofauti. DVD ni ya kutazama, ya asili ni ya kuhifadhi.

Neno moja kuhusu sheria, kwa sababu ujuzi huu una shimo lake. Video ya harusi yenu ni yenu. Filamu ya mwingine si yako, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 haikupi ruhusa ya kuigeuza na kuiuza kando ya barabara. Waulize watengenezaji filamu wa Riverwood, pale River Road jijini Nairobi, wamepoteza kiasi gani kwa nakala haramu za kazi zao. Kijana anayejua kazi hii vizuri ana wateja wa kutosha wa halali: makanisa, shule siku ya wazazi, vyama, familia zenye mikanda ya kumbukumbu ndani ya simu.

Na hapo niguse pesa, maana tunasema kila siku kwamba kazi hakuna. Kubadilisha video ya saa moja kwenye kompyuta kuukuu kunaweza kuchukua saa moja ama zaidi. Huwezi kufanya hivyo kwa bei ya kuburuta. Basi usifanye. Mwambie mteja: hii nitaibadilisha, nitaijaribu, njoo kesho, na bei ni hii. Ataguna, lakini diski ikicheza mara ya kwanza nyumbani kwake, atakuletea shemeji yake. Mteja hajui kodeki na hapaswi kujua, kama wewe usivyojua jinsi fundi wa viatu anavyopitisha sindano. Unachojua ni kwamba umelipa na kiatu kimeachama. Tukikaa tukilalamika kwamba wazee hawatuamini na kazi, tujiulize pia ni mara ngapi tumewarudisha nyumbani na kiatu kilichoachama, kisha tukawaambia mguu wao ndio mbaya.

Nimalizie hadithi yangu. Niliwazungukia binamu zangu na waya mkononi. Wawili walikuwa bado na video za asili. Wa tatu, yule aliyekuwa amesimama karibu kabisa na guka, alikuwa ameuza simu na hakuwa ameweka nakala popote. Sehemu ile ambapo sauti ya guka inasikika vizuri zaidi imebaki tu katika hali iliyokamuliwa na WhatsApp, uso umejaa ukungu. Hiyo hairudi tena, na hakuna programu itakayoirudisha.

Nikabadilisha nilichokuwa nacho, PAL, dakika hamsini na mbili. Kabla ya kupanda matatu nilimwomba mwenye duka jirani aniruhusu kuijaribu kwenye mashine yake nzee kuliko zote mtaani. Ikacheza. Jumapili ikacheza kwa shosho pia. Guka akaita majina, mmoja mmoja, na alipofika kwa langu shosho akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akaniambia tena.

Lakini kila nikikumbuka siku hiyo, nawakumbuka pia wale wateja wa Thika. Yule mama aliyeleta video ya ubatizo. Yule mzee aliyeleta mazishi ya mkewe, akarudi, nami nikamwambia mashine yake ni mbovu. Sina namba zao za simu. Sijui kama kuna aliyewafanyia kazi hiyo vizuri, ama kama nao waliamini kwamba kosa lilikuwa lao.

Wewe bado una nafasi. Mteja anayefuata akikuwekea flashi mezani, kabla hujagusa diski tupu, muulize: "Nyumbani mna mashine gani?" Kisha fanya kazi inayolingana na jibu lake.